Nafasi Aliyoacha Meme

Mtu akikuambia kazi ni ya saa tisa, muulize ni saa tisa za nani. Luh Rasmini alikuja kulijua hilo wakati kujua hakukuwa na msaada tena.

Fundi Gunawan wa Denpasar alimweleza kwa simu, polepole, akirudia kila neno mara mbili. Kisanduku chako cha kuhifadhia rekodi kina diski mbili pacha, alisema. Kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa papo hapo na kwenye ile. Kwa hiyo ukitaka nafasi kubwa zaidi, toa moja ya zamani, weka moja mpya mahali pake, halafu iache ile ya zamani iliyobaki iinakilie mpya kila ilicho nacho. Ikimaliza, itoe na hiyo, weka mpya ya pili, nayo ijazwe vilevile. Mwisho unaiamuru mashine itumie nafasi yote. Ni hivyo tu.

"Ila kuna jambo moja, Mbok," fundi aliongeza, akimwita dada mkubwa kama wanavyoita wote. "Ile ya kwanza utakayoitoa ina kila kitu ndani. Ifunge kwenye kitambaa, iweke kabatini, asiiguse mtu mpaka zile mpya zote mbili zijae. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na kweli alisikia. Masikio ya Rasmini hayajawahi kuwa na kasoro. Kasoro iko kwingine, na tutaiona.

Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na mama yake. Katika kijiji chao huko Karangasem, nyimbo za kale haziimbwi na mtu mmoja. Mmoja huimba mstari kwa lugha ya wahenga, kisha hunyamaza. Wa pili huufasiri kwa lugha ya nyumbani, watu wakaelewa. Ndipo wa kwanza aendelee. Kwa miaka thelathini mwimbaji alikuwa Meme, mama yake Rasmini, na mfasiri alikuwa Bapa, baba yake, mzee Nengah Darsa. Rasmini alipoleta kamera, Bapa aligoma. Alisema yeye haongei na kioo. Meme akakubali peke yake, akaketi barazani kila Jumamosi kwa miaka tisa, akaimba mpaka diski zikajaa. Sasa ilikuwa mwaka wa pili tangu afariki, na Bapa hakuwa amefasiri hata mstari mmoja, popote, kwa ajili ya yeyote.

Nakala nyingine haikuwapo. Fundi alishamkemea Rasmini juu ya hilo, kwamba pacha wawili wanaolala kitanda kimoja huungua pamoja. Rasmini alikuwa amepanga kulishughulikia, yaani alikuwa amepanga kulipanga. Kwanza alitaka nafasi, kwa sababu walibaki vikongwe watatu tu wanaozijua nyimbo zile, na mmoja wao, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa ameahidi kuja kurekodiwa wiki ijayo.

Diski mpya zilifika siku ya kuamkia Nyepi. Mwenye akili angesubiri. Nyepi ni siku ambayo kisiwa kizima hakiwashi taa, hakipiki, hakifanyi kazi wala hakitoki nje, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi inayofuata. Kila mwaka Rasmini alikizima kisanduku kwa adabu jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa maana alfajiri Bapa hushusha swichi kuu ya nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mashine ilipoonyesha kwamba kunakili kutachukua saa tisa, alihesabu kwa vidole: kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa sita za usiku. Muda ulitosha na ukabaki. Akachomoa diski ya kwanza, akachomeka mpya, taa ya rangi ya machungwa ikaanza kupepesa.

Hakumwambia Bapa. Angemwambia, mzee angeuliza kwa nini leo, na Rasmini hakuwa na jibu zaidi ya kwamba hana subira.

Diski ya zamani ilikuwa bado mkononi mwake, na kitambaa bado hajakitafuta, Komang Wirta alipoingia uani akihema. Komang ni mtoto wa baba yake mdogo, baba wa watoto wawili, na ndiye kiongozi wa vijana wa banjar, yaani mtaa wao. Jioni ile, kama ilivyo desturi ya kuamkia Nyepi, walikuwa watembeze sanamu lao kubwa la jini barabarani kwa muziki.

"Mbok, tumekwisha. Kompyuta ya muziki imejaa, haipokei hata wimbo mmoja. Huna diski yoyote imekaa bure?"

Macho yake yalikuwa tayari juu ya mkono wa Rasmini.

Hapa ndipo ilipo ile kasoro. Katika kijiji kile unaweza kumkatalia mume, unaweza kumkatalia mwenye benki, lakini banjar hukatalii. Banjar ndio watakaoichoma maiti yako siku ya mazishi. Meme alipofariki, nyumba sabini na mbili zilileta wali, kuni na mikono, na hakuna aliyeitwa. Sasa wanakuomba kipande cha chuma, useme hapana kwa mdomo gani?

"Chukua," Rasmini alisema. "Ikikuuliza kama ifute vilivyomo, kubali. Vyote vimo pia ndani ya mashine."

"Mungu akuzidishie, Mbok."

Usiku Rasmini alimwona barabarani, jasho likimtiririka chini ya sanamu lenye meno ya boga. Komang alimpungia mkono na kupaza sauti kwamba diski imewaokoa. Rasmini alirudi nyumbani akiwa na furaha, akatazama kisanduku, akakuta asilimia hamsini na tatu. Saa tisa za mashine zilikuwa za diski kijana. Ile iliyobaki ilikuwa mzee, ikisoma kwa kusitasita, ikirudia, ikipumzika. Aliketi sakafuni kuilinda, akajiambia atamwahi Bapa kabla hajafika kwenye swichi. Kisha akapitiwa na usingizi kichwa kikiwa juu ya kiti.

Kilichomwamsha ni ukimya. Mvumo uliokuwa chumbani mle miaka mingi ulikuwa umekatika. Alikimbia uani bila kandambili, akamkuta Bapa chini ya mita ya umeme, mkono bado uko juu. Mzee alimgeukia, akaweka kidole midomoni. Bapa huifunga Nyepi kwa ukamilifu wake: hali, hanywi, hasemi.

Rasmini alirudi chumbani akaketi mbele ya taa zilizokufa. Simu ilikuwa na chaji, lakini mtandao ulikuwa umezimwa kisiwa kizima kama kawaida ya siku hiyo. Hakukuwa na wa kumuuliza. Alikumbuka namba ya mwisho aliyoiona kabla ya kusinzia, themanini na sita, na akajua kuwa asilimia themanini na sita za nakala ambayo haijakamilika ni sawa na hakuna. Kila kitu sasa kilikuwa ndani ya diski moja iliyochoka, iliyokatiwa umeme ikiwa moto, katikati ya kazi. Alimwonea hasira Bapa mpaka jua likapanda. Baada ya hapo hasira ilimrudia mwenyewe, ikakaa.

Adhuhuri alienda barazani, akaketi karibu na mzee, akamweleza yote kwa sauti ya chini: diski mbili, saa tisa, Komang, swichi. "Sikukwambia kwa sababu nilijua utanizuia," alisema. "Na ungekuwa sahihi. Meme yumo mle, Bapa. Inawezekana hayumo tena."

Bapa aliinuka, akaingia katika chumba ambacho hakuwa amekikanyaga miaka miwili, akaweka kiganja juu ya kisanduku, kama mtu anayempima mtoto homa. Alikaa hapo mpaka giza likaingia. Rasmini alimwona machozi na akafanya kama hakuyaona.

Asubuhi iliyofuata, ngoma ya mti ilipolia kutoka banjar, Bapa alikuwa tayari chini ya mita. Alipandisha swichi. Taa za kisanduku ziliwaka, na ndani ikasikika *tk, tk, tk*, kimya, kisha tena *tk, tk, tk*. Rasmini alizima, akasubiri, akawasha. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu haikusikika hata ile *tk*.

Mtandao ulikuwa umerudi. Fundi Gunawan alipokea simu akiwa bado kitandani.

"Hiyo haiamki tena, Mbok. Imesomwa mfululizo saa kumi na tano, ikakatwa, ikapoa. Lakini usihangaike. Chukua ile ya kwanza, ile ya kabatini."

Rasmini alikata simu.

"Luh," Bapa alisema nyuma yake. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi na lilitoka limekwaruza. "Nimepandisha na kushusha swichi ile tangu nguzo za umeme zifike hapa. Sikuwahi kuuliza kama kuna mtu anafanya kazi. Nisamehe."

"Wewe unisamehe mimi."

"Basi tusameheane, tunywe kahawa. Mama yako asingetuacha tulie na njaa."

Siku inayofuata Nyepi ni siku ya kutembeleana na kuombana radhi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Komang alipotokea langoni saa mbili, ameoga, amevaa shati jeupe na kilemba, mkononi kikapu cha vitumbua vya mchele. Aliwasalimu kwa mikono iliyounganishwa. Kisha akabaki amesimama, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Mbok, nimekuja kuomba msamaha. Nilikudanganya."

"Wewe? Lini hukunidanganya?"

"Safari hii kweli. Ile diski hatukuitumia." Aliangalia sakafu. "Nilipoichomeka, kompyuta ikaandika, ifutwe yote? Na wewe ulishaniambia nikubali. Lakini nikakumbuka ile siku Meme aliponikuta nacheza na kisanduku chako. Alinichapa na upawa wa wali, hapa, mpaka leo nikigusa nasikia. Kidole kikakataa kubonyeza. Tukapigia muziki kwenye simu ya mtoto wangu. Ulikatika mara nne, mara moja kikaingia kibao cha katuni, mtaa wa juu wakatucheka mpaka jini letu likaona haya. Nikaona nitakuambiaje kwamba nimekutia usumbufu bure? Nikasema imetuokoa. Nisamehe, dada yangu."

Rasmini alimsogelea.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Diski, Komang."

"Si iko kwenye pikipiki, chini ya kiti. Tangu juzi."

Bapa ndiye aliyetangulia kufika langoni, mzee wa miaka sabini na minne, kikoi chake kimekunjwa mkononi ili asijikwae. Alirudi ameishika diski kwa mikono miwili. Ilikuwa imezungushiwa koti la mvua la mtoto.

Rasmini aliichomeka mahali pa ile iliyokufa. Ilizunguka. Mvumo ulipanda, ukatulia, taa ya kijani ikawaka na kubaki. Majina ya faili yakajipanga kwenye skrini, Jumamosi baada ya Jumamosi, hata moja halijakosekana. Alikaa chini na kulia waziwazi, huku Komang akimuuliza Bapa kwa wasiwasi kama amefanya kosa jingine.

"Umefanya kosa zuri," Bapa alimwambia. "Kula kitumbua."

Kazi ilianza upya, hii ya zamani ikimfundisha mpya. Ilikuwa na afya kuliko mwenzake. Saa tatu usiku ikamaliza. Kesho yake mpya ya pili ikajazwa na mpya mwenzake, na ile ya zamani ikafungwa kwenye kitambaa cha Meme, ikawekwa kabatini, ufunguo ukakaa kwa Bapa. Banjar wakija, alisema, waje kwake. Mwisho Rasmini aliiamuru mashine itumie nafasi yote, na pale palipokuwa pamejaa pakawa na uwazi mara tatu ya yote aliyowahi kuyaimba Meme.

"Hebu nimsikie," Bapa alisema.

Rasmini alifungua Jumamosi ya kwanza. Meme alikohoa, akarekebisha shali, akaimba mstari mmoja mrefu. Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, akitazama pembeni ya kamera, akitikisa kichwa kidogo mara mojamoja. Halafu akaimba mstari wa pili, akanyamaza tena vilevile.

Rasmini alikuwa ameitazama picha hiyo mara nyingi, na siku zote alidhani mama yake anavuta pumzi. Alimgeukia Bapa. Mzee alikuwa ameketi ukingoni kabisa mwa kiti.

"Anaacha nafasi yangu," alisema. "Miaka yote hiyo. Kila mstari."

"Kila mstari, Bapa. Zote ziko hivyo."

Bapa alijifuta uso kwa ncha ya kikoi. "Na hiyo mashine yako, sasa ina nafasi?"

"Ipo."

"Basi lete hicho kinasa sauti. Mrudishe mwanzo."

Rasmini aliweka kinasa sauti juu ya meza, akamrudisha Meme mwanzo. Meme alikohoa, akarekebisha shali, akaimba mstari wake, akanyamaza, akatazama pembeni. Na Bapa, kwa sauti iliyokwaruza, akaanza kufasiri.