Ugonjwa Tulioubatiza Presha

Haya wajukuu, tegueni hiki: marehemu aliacha mzigo, wanawe wakagawana bila kuufungua. Mmeshindwa? Basi ni damu, na yaliyomo ndani yake.

Mzigo huo ulimfikia mjomba wenu, kitinda mimba wangu. Alipasuliwa utumbo, akalazwa chumba cha mahututi, mipira puani. Kidonda hakikuwa na neno. Kilichotutoa roho ni sukari. Asubuhi kipimo kinasoma ishirini na mbili. Wakimchoma dawa kidogo tu, adhuhuri iko mbili, jasho limelowesha shuka, macho yamegeuka.

Daktari, binti wa sauti ya taratibu, akatufuata kwenye benchi la korido.

"Wazee wangu, kuna miili inayorithi namna yake ya kushika sukari. Dawa inayomfaa mwingine, yeye inamwangusha. Nikijua ukoo wake, nitajua pa kuanzia. Nani kwenu ana kisukari?"

Mume wangu, fundi saa, akatazama viatu vyake. Pembeni yetu, karibu na binti yetu mdogo, alikaa mama wa kijana aliyemposa, kaja kumjulia hali mgonjwa.

"Kwetu hakuna," mume wangu akasema. "Kwetu ni presha tu."

Ndivyo tulivyoubatiza ugonjwa huo tangu binti wa kwanza alipochumbiwa, maana nani ataoa nyumba ya wagonjwa? Wifi yangu akakatwa mguu, tukasema presha. Mume wangu akaficha sindano kwenye kisanduku cha skrubu, presha hiyohiyo.

"Na wewe, mama?" daktari akaniuliza.

Ulimi wangu huu, hodari wa vitendawili, ukalala. Yule mkwe akadakia, "Vijana wa siku hizi, dada yangu, soda zitawamaliza." Nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia.

Saa nane mchana sukari ikaporomoka tena. Kupitia kioo tuliwaona wauguzi wakimkimbilia. Baadaye daktari akatoka, glavu bado mikononi.

"Safari hii amechelewa kuzinduka. Ikishuka tena, sijui kama nitamrudisha. Nauliza tena: nani?"

Mume wangu akarudi kutazama viatu vyake. Binti yetu mdogo akainuka kwenye benchi, hakumtazama mkwewe, hakututazama sisi.

"Baba anao. Marehemu shangazi alikuwa nao. Na mimi najichoma tangu mwaka jana, kwa siri. Dozi yangu ndogo mno, daktari. Ikizidi kidogo tu, naanguka kama yeye."