Visahani Vilivyolishwa Jumapili

Maabarani walimwita Mama Seli, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Kila asubuhi alifungua kabati la joto akavisabahi visahani vya seli: "Mmeamkaje, wanangu?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alijitia hamnazo. Nyumbani alikuwa na mama mzazi anayetetemeka mkono wa kulia, anayekokota miguu, anayesema kwa sauti ndogo mpaka umwinamie. Mama huyo alitangaza safari kwenye kituo kikuu cha mabasi miaka thelathini. Sauti yake iliwahi kuwakurupusha watu waliolala fofofo juu ya mizigo yao. Sasa hata akimwita paka, hageuki.

"Bado tu?" aliuliza kila jioni.

"Bado, mama. Tunahesabu."

Zilizohesabiwa ni seli za neva. Katika ugonjwa ule wa mama yake, ndani ya seli protini moja hujikunja vibaya, ikagandamana na nyingine, zikarundikana kama taka jikoni kwa mtu mvivu, mpaka seli inakabwa na kufa. Si kwamba seli haina wafagiaji wake. Inao, ila wanazidiwa. Dawa ya Profesa, mkuu wa maabara, ilikuwa ya kuwaamsha hao wafagiaji, basi.

Visahani vilikuwa thelathini na sita, vyote vimetiwa protini mbovu. Nusu vilipata dawa, nusu maji ya chumvi. Mfamasia aliandika namba tu juu ya kila kisahani, na kipi ni kipi ilijua bahasha iliyofungiwa katika kabati la Profesa. Kazi ya Mama Seli ilikuwa kuvilisha vyote sawasawa kila siku ya tatu, kisha kuhesabu seli zilizo hai. Seli za dawa zikiishi na za maji zikifa, dawa ingesonga mbele, na siku moja ingemfikia mama yake. Zikilingana, dawa inazikwa.

Jumapili moja alipita kuona kama umeme haujakatika, akachungulia kwenye hadubini. Visahani vingine seli zake zilikuwa zimenyoosha mikono, zimeshikana. Vingine zimejikunyata, mikono imerudi ndani. Sheria aliijua kama jina lake. Lakini roho ilimuuma, akavipa vile vinyonge chakula kipya, chenye virutubisho vya kuipa seli nguvu ya kujitetea. Kidogo tu, alijiambia. Jumapili ya pili akarudia, na ya tatu. Mtu aliyezoea kumlisha mgonjwa kwa kijiko, mkono wake huenda wenyewe. Hata hivyo asitetewe: alijua, akafanya.

Siku ya bahasha walikusanyika wote. Profesa aliifungua kwa mkasi, akalinganisha namba na hesabu, mstari kwa mstari, huku kalamu ikizidi kwenda polepole.

"Zilizopata dawa ziko hai," alisema. "Zilizopata maji nazo ziko hai. Dawa haina kitu."

Mama Seli alimfuata ofisini, akapiga moyo konde.

"Profesa, usiizike. Mimi ndiye niliyeharibu. Zile za maji zilikuwa zinakufa, nikazilisha."

Profesa alifunga mlango. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi asijue."

"Si turudie tu?"

"Turudie na nini? Seli zile zilikuwa za mwisho, na dawa yenyewe imekwisha. Nikiomba nyingine nitaulizwa sababu. Niseme nini, mfanyakazi wangu alizionea huruma?"

"Ndiyo. Sema hivyohivyo."

"Sikiliza, Mama Seli. Dawa ikishindwa, hiyo ni sayansi, kesho tunajaribu nyingine. Sisi tukiboronga, tunafungiwa wote. Na wa kwanza kutoka ni wewe. Mama yako atabaki na nani?"

Mwanamume mwenye shahada ukuta mzima, na hapo ndipo zilipomfikisha. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja wa maana: hakuna tofauti. Chini yake ilitakiwa sahihi ya aliyehesabu. Mama Seli alisimama akiutazama, kisha akatia sahihi. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na aliuchukia kwa hilo.

Nyumbani alimkuta mama kwenye kiti chake cha dirishani.

"Leo je?"

"Tumemaliza kuhesabu." Aliinama kuvua viatu ili asimtazame.

"Zimekufa ngapi?"

Angeweza kumwaga mtama hapo hapo. Akavua kiatu cha pili.

"Hazikufa, mama. Ziko hai."

"Zote?"

"Zote."

Uso wa mama ulikuwa umesahau kutabasamu siku nyingi, maana ugonjwa ule hugandisha hata uso. Lakini aliinua kidevu, akavuta pumzi kama zamani mbele ya kipaza sauti, akanong'ona:

"Ndugu na jamaa mnaosubiri, tunawatangazia kwamba abiria wote wamefika salama."

Akasubiri achekewe. Mama Seli akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama akadhani ni ya furaha.

"Sasa hiyo dawa mtaniletea lini?"

"Nitauliza, mama," alisema, akaenda jikoni kuchukua kijiko.