Unga wa Bonifasia

Mwezi ukiwa mkubwa, usipa, dagaa wa ziwa letu, hawafuati taa. Ziwa lote linakuwa jeupe, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani wanakaa nyumbani. Kwetu huku, upande wa kuelekea Chiwanda, siku hizo wanaume wanashinda kilabuni na kurudi na hasira za watu wasio na kazi. Sijui kama kina mama wa zamani waliuchagua mwezi mpevu kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya hilo. Bibi Hilaria, mkubwa wetu, husema ni kwa ajili ya Mungu.

Tunakutana kwenye mawe ya ufukweni, chini kidogo ya nyumba ya Hyasinti, jua likizama upande wa Malawi na mwezi ukiwa bado nyuma ya milima. Tunaanza na rozari. Padri anajua habari za rozari. Habari za unga hakuna aliyemwambia. Kila mwanamke anakuja na kiganja cha unga alioutwanga mwenyewe, ameufunga kwenye pindo la kanga, na anaumwaga juu ya jiwe pana, rundo lake peke yake. Mwezi ukitokeza, Bibi Hilaria, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, anapapasa rundo moja moja na kumtaja mwenyewe. "Agripina yupo. Beata yupo." Halafu tunawaomba mama zetu waliotangulia, tunaimba, tunacheza, na mwenye la moyoni analisema. Linalosemwa pale linabaki pale.

Asiyeweza kuja, mgonjwa au aliyejifungua juzi au aliyezuiwa na mume, anatuma unga wake kwa mkono wa ndugu. Anatajwa kama wengine. Na aliyetajwa haulizwi alipo. Ulikuwa utaratibu wa huruma huo. Zamani kulikuwa na wanawake waliofungiwa ndani, na unga ndio uliotoka kwa niaba yao.

Mimi mwenyewe, Shukrani, niliporudi kwa mama kutoka kwa mume, mtoto mgongoni na jino la mbele halipo, walinikalisha kwenye yale mawe wakaniosha miguu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nililia mpaka nikasikia njaa, na Agripina akanipa kiazi. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Wanawake wale niliwapenda.

Bonifasia aliletwa na mumewe Hyasinti kutoka Mbuji, kule juu kwenye kahawa. Alikuwa Mmatengo wa kweli, maji ya ziwa akiyaogopa kama moto. Muhogo hakuutaka kabisa. Kaka yake Emilian alikuwa akimtumia mahindi kwa gari, naye akiyatwanga mwenyewe, kwa hiyo pale juu ya jiwe rundo lake lilijulikana hata ukiwa umesimama mbali. Sisi wengine unga wetu ni wa muhogo uliovundikwa, una rangi ya majivu kidogo na harufu ya uchachu.

"Wewe Mmatengo, muhogo umekukosea nini?" Agripina alimtania mara ya mwisho alipokuja.

"Unanuka, dada."

"Unanuka! Na mumeo ananukia marashi?"

"Mume wangu ananuka usipa. Lakini yeye simli."

Tulicheka mpaka Bibi Hilaria akatukumbusha kwamba Mama Bikira anasikia. Agripina ni mwanamke mnene, akicheka anatikisika mwili mzima, na jioni ile ilibidi ashike jiwe.

Ni jioni hiyo hiyo, baada ya kucheka, Bonifasia aliposema lake. Alilisema akiangalia mikono yake. "Niombeeni. Nyumbani hakukaliki. Ananipiga kwa kafi la mtumbwi, na kafi ni mti." Mkwewe, Mama Hyasinti, alikuwa ameketi pale pale, anakunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Tulimwombea. Tukaimba.

Baada ya hapo sikumwona Bonifasia tena, si kisimani wala kanisani. Nilipomuuliza Mama Hyasinti aliniambia, "Ana homa, mwanangu, anaendelea vizuri." Nikapita pale kwao kumjulia hali, Hyasinti akasema amelala. Asubuhi ya mwezi mpevu uliofuata nikapita tena, mlango umefungwa. Kinu cha Bonifasia kilikuwa kimelala ubavu chini ya upenu, na ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

Jioni tukakaa kwenye mawe. Rozari ikaisha. Mama Hyasinti akamwaga unga wake, kisha akafungua pindo la pili akamwaga mwingine pembeni. Mwezi ukatokeza juu ya milima, na Bibi Hilaria akaanza kupapasa na kutaja. Alipofika kwenye rundo lile mkono wake ulikawia.

"Bonifasia yupo," akasema.

"Bibi," nikasema, "huo ni muhogo."

"Ameolewa huku, amejifunza," Mama Hyasinti akadakia.

"Kinu chake kina kuku anayeatamia. Nimekiona leo."

Nilidhani watashtuka. Beata akashika rozari yake akawa anahesabu tembe ambazo tulishazimaliza. Agripina akatazama maji. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu pale niliyekuwa namwonyesha jambo geni.

"Shukrani," Bibi Hilaria akasema taratibu, "macho sina, lakini pua ninayo. Kaa chini."

"Yuko wapi, bibi?"

"Ametajwa."

Mama Hyasinti akaanza kulia. "Ni mguu tu. Nampaka dawa kila siku, unapona. Zahanati wangetaka PF3, ile fomu ya polisi, na polisi wangemchukua mwanangu."

"Na Hyasinti aliambiwa na nani kwamba mkewe ameyasema mambo yake? Si yalisemwa hapa?" nikamuuliza.

"Aliniuliza mlikuwa mnaongea nini. Ni mwanangu. Nilidhani akijua kwamba watu wanajua, ataona aibu."

Bibi Hilaria akapiga jiwe kwa kiganja ili tunyamaze. "Nisikilizeni. Wanaume wanatuacha tukae hapa kwa sababu hatuingii kwenye nyumba zao. Leo tukiingia kwa mmoja, mwezi ujao hakuna mwanamke atakayetoka ndani. Mimi nimeyaona hayo nikiwa msichana. Wewe Shukrani, ungekuja usiwakute watu hapa, nani angekuosha miguu?"

Lilikuwa neno la kweli.

Nikasimama.

"Ukiondoka kabla ya maombi unatuvunjia ibada," Bibi Hilaria akasema.

Nikaanza kupanda. Nyuma yangu wakaanza kuimba, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yetu.

Hyasinti alikuwa amekaa mlangoni anashona wavu kwa mwanga wa mwezi. Hakulewa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mama kafikisha unga?" akauliza.

"Kafikisha."

"Sasa unataka nini tena?"

"Nataka kumwona Bonifasia."

Akacheka, akaendelea na sindano yake, miguu ameitandaza mlango mzima. Sijui ningefanya nini. Ndipo nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa Agripina, kanga imemvuka begani, jasho linamtoka.

"Ondoka mlangoni, shemeji," akasema, "au nitakukalia."

Hyasinti akatuangalia mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anasubiri kuona kama kuna wengine wanaokuja. Hawakuwepo, lakini chini kule wimbo ulikuwa umekatika, na ule ukimya ndio uliomwinua. Akachukua wavu wake akazunguka nyuma ya nyumba.

Ndani tulifuata harufu. Alikuwa kwenye chumba cha kuwekea nafaka, juu ya mkeka, na mguu wa kulia chini ya goti haukuwa wa rangi ya mtu. Mfupa ulishawahi kutoka nje ukarudishwa. Juu yake walikuwa wamebandika majani na kitambaa cha kitenge. Homa ilikuwa kweli. Katika hilo Mama Hyasinti hakudanganya.

"Shukrani," akasema. Midomo ilikuwa imepasuka. "Nimesikia jina langu."

Dirisha la chumba kile linatazama kwenye mawe.

"Bibi amesema nipo. Nikasema sasa wanakuja." Akapumzika. "Halafu wakaimba."

Agripina akainama akaanza kukunja ncha za mkeka.

Tulimbeba hivyo hivyo kwenye mkeka mpaka barabarani. Methodi, kijana wa bodaboda, akatuchukua kwa pikipiki yake, Bonifasia katikati, mimi nyuma namshika. Muuguzi wa zahanati, mtu wa kutoka mkoa mwingine, hakuuliza PF3. Aliangalia mguu, akaenda nje kupiga simu ya gari. Gari lilipokuja tulianza safari ya hospitali. Lilipokuwa linapandisha milima, upande wa kwao, Bonifasia alinibana vidole, halafu akaviachia. Nilimwambia dereva aendeshe polepole. Hakukuwa tena na haraka.

Emilian alikuja kumchukua dada yake wakamzika Mbuji, karibu na mama yao. Hyasinti alivuka mpaka kwenda Msumbiji, watu wanasema hivyo. Polisi walikuja, wakamhoji mama yake, wakaondoka.

Mwezi ulipokuwa mkubwa tena nilishuka kwenye mawe. Wote walikuwepo. Hakuna mwanaume aliyemzuia mtu. Mama Hyasinti alikaa pembeni amekonda, na baada ya kumwaga unga wake akafungua pindo la pili, akamwaga rundo mahali pale pale pa Bonifasia. Safari hii ulikuwa wa mahindi. Sijui aliupata wapi.

Mwezi ukatokeza. Bibi Hilaria akapapasa, akataja, akafika mahali pangu. Vidole vikakuta jiwe tupu.

"Shukrani, unga wako?"

"Sijaleta."

"Basi hupo."

"Nimesimama mbele yako, bibi. Niguse."

Aliinua mkono. Niliuona umenyooka kati yetu, mweupe wa unga mpaka kwenye kiwiko. Ukakaa hapo hewani muda, kisha ukarudi kwenye jiwe, ukasogea mbele kidogo kutafuta rundo la Agripina, ambaye alikuwa amesimama karibu nami mikono mitupu. Nalo halikuwepo.

Tulimwacha anapapasa.