Milango ya Veridiana

Mwalimu Kandida alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna swali la mwanafunzi lililowahi kumtoa jasho. Jumanne ile, sebuleni kwake Bagara, mjini Babati, binti wa miaka ishirini na mitatu alimwuliza swali moja tu, naye akakirudisha kikombe cha chai mezani bila kukinywa.

Binti huyo aliitwa Noela. Wazazi wake walihamia Babati kutoka Moshi kuuza mabati na misumari mwaka ule mkoa wa Manyara ulipozaliwa, yeye akiwa bado anatambaa. Akasomea kompyuta Dodoma, akarudi na wazo ambalo mama yake aliliita ugonjwa: kuchukua riwaya tatu za Mwalimu Kandida na kuzigeuza mchezo wa kwenye simu. Mchezaji angempeleka Veridiana, msichana wa riwaya hizo, popote atakapo. Angemchagulia wa kumjibu na wa kumnyamazia.

Nao wasomaji wa Kandida walikuwa wakimdai Veridiana jibu kwa muda mrefu. Msichana anampenda Leonsi, askari aliyerudi salama kutoka vita vya Kagera. Anampenda mpaka anaota sauti yake. Leonsi anakuja kumposa, Veridiana anamkataa. Anarudi tena, anakataliwa tena. Kisha msichana anamwandikia barua ya kurasa tisa na kuichoma jikoni. Watu waligombana kwa sababu ya barua ile. Wengine walisema ana kiburi, wengine walisema karogwa. Kila aliyemwuliza Kandida sababu alijibiwa kwa mzaha, "Kamwulizeni mwenyewe." Mzaha ule ulimlinda miaka mingi, maana nani angeweza kumwuliza mtu aliyeko kitabuni?

Sasa Noela alikuwa anatengeneza kitu cha kumwulizia.

"Mashine haina aibu wala haikisii, Mwalimu," Noela alisema, akifungua daftari lake kubwa. "Lazima niiambie kila kitu. Mlango huu unafunguka, huu haufunguki. Kwa hiyo nimeorodhesha milango yote ya vitabu vitatu, pamoja na kurasa zake. Iko hamsini na minane."

"Umejitesa bure," Kandida alisema.

"Hapana, kuna kitu nimekiona. Kitabu cha pili, kuanzia Krismasi mpaka mavuno, Veridiana haingii nyumba hata moja. Kwa rafiki yake anaongea akiwa nje ya dirisha. Kwa padri anaungama akiwa uani. Mvua inanyesha, wenye nyumba wamo ndani wanaota moto, yeye amejifunika gunia nje. Nilidhani nimekosea, nikarudia kusoma. Halafu nikasema, Mwalimu ni fundi, ana maana yake. Nikaifunga milango yote, Desemba hadi Julai. Ila mchezaji atataka kujua. Kwa nini haingii?"

Hapo ndipo Kandida aliporudisha kikombe mezani.

Kandida hakuwa na maana yoyote, kwa sababu hakujua kama ameandika hivyo. Alipokuwa akiandika kitabu cha pili alijiapiza kwamba tumbo la Veridiana halitatajwa, na halikutajwa. Mtoto alimfuta, na mkunga, na hata mbwa aliyebweka asubuhi ile. Alifuta kwa uangalifu kama mtu anayefagia uwanja baada ya kuchinja. Milango hakuikumbuka. Miguu ya Veridiana ilijiendea yenyewe, ikafanya kile ambacho miguu ya Kandida ilifanya akiwa na miaka kumi na tisa.

Huko juu Mbulu, katika kizazi cha baba yake, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alikuwa na mwiko. Hakuzalia kwao. Hakuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu, hakunywea chombo cha mtu, asije akawaletea wenye nyumba kifo. Mjini watu walikuwa wameanza kuusahau, lakini baba yake hakuwa mtu wa mjini. Desemba ile Kandida alishuka kwa miguu hadi Sigino na kukaa kwenye banda la mbuzi la mama mmoja mgeni kutoka Kondoa, ambaye mwiko ule haukumhusu. Akajifungua Julai, wakati wa mavuno. Shangazi yake Redempta, asiyekuwa na mtoto, alimchukua kichanga na kuwaambia watu amepewa na masista. Leonsi wa kweli, ambaye hakuitwa Leonsi, hakuambiwa kitu. Akikubaliwa, angeoa mwanamke aliyezaa mtoto wake na kumgawa, na siku moja angejua. Kandida aliona heri amkatae.

Mtoto aliitwa Paskasi. Sasa alikuwa fundi simu karibu na soko la Babati, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Alimwita Kandida dada. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kula kwake, akaingia bila hodi na kufunua masufuria kabla hajasalimia. Alipokuwa na miaka kumi na mbili aliuliza mara moja mama yake alikuwa nani, na Kandida mwenyewe ndiye aliyemjibu. Alimwambia amekufa.

"Ni kosa langu la uandishi," Kandida alimwambia Noela. "Fungua milango yote."

Noela alimtazama kwa mshangao, lakini mwalimu ni mwalimu. Akaandika.

Usiku Kandida hakulala vizuri. Alijiambia kwamba milango ni milango tu, na kwamba vijana wa siku hizi hawajui mwiko wala hawajali. Halafu akawaza wale wasio vijana, wanaoshuka kutoka milimani siku za soko, watakaoitazama michoro ile na kuelewa bila kusoma hata neno. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Kata yake ilikuwa imejaa na inamwagika mbele ya watu, na yeye ndiye aliyeiweka mezani.

Jumatano jioni Noela alirudi na kompyuta yake ndogo. "Tazama," alisema bila furaha. Kwenye kioo Veridiana alivuka kizingiti cha jirani, akakaa kwenye kigoda, akapewa chai. Mwenye nyumba akamchekea vizuri. Nje mvua ilinyesha bure.

"Sasa akija Leonsi anamkataa kama mwendawazimu," Noela alisema. "Amekaribishwa kila nyumba, anapendwa na kila mtu, halafu anakataa. Hana sababu. Nimejaribu mara sita. Amekuwa mtu mwingine."

Kandida alimwangalia msichana yule akinywa chai katika nyumba ambayo haikumkaribisha. Aliogopa, lakini chini ya woga kulikuwa na hasira asiyoitarajia: miezi ile alinyeshewa peke yake, na sasa hata kunyeshewa kwake kumefutwa. Hata hivyo akasema, "Iwe hivyo hivyo. Inatosha."

"Sawa. Ila nakala ya kwanza, ile ya milango iliyofungwa, ipo kwa Kaka Paskasi," Noela alisema, akifunga kompyuta. "Nilimwekea Jumatatu, kwenye tableti ya dukani. Wateja wake wanaijaribu wakisubiri simu zao. Jana kaniambia anacheza yeye mwenyewe, hataki kuiachia."

Kandida hakukumbuka baadaye kama alimuaga binti wa watu. Alikumbuka bajaji tu, na dereva aliyemwuliza mara mbili kama anaumwa. Alikuwa amepanga uongo njiani. Angesema tableti ina virusi, angesema mchezo umekatazwa, angesema chochote. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile aliiomba iwe ndefu walau mpaka Jumapili.

Duka la Paskasi ni chumba cha hatua nne kwa tatu, chenye benchi mlangoni. Watu watano walikuwa wameinamia tableti. Katikati alikaa Paskasi, miwani ya ufundi ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo, dada," alisema bila kuinua kichwa. "Umefika wakati mzuri. Huyu binti wako ana kasoro. Nagonga milango, haifunguki. Kila mtu anamsemesha dirishani kama mwizi."

"Marahaba. Ni mchezo tu, haujakamilika. Nipe nimrudishie Noela."

"Ngoja kidogo."

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kanisa, Mama Theophil, aliyeshuka kutoka Mbulu kuuza vitunguu saumu na kuleta simu itengenezwe kioo. Alikuwa akiutazama mchezo muda mrefu.

"Hiyo haina kasoro," Mama Theophil alisema. "Huyo binti ana mimba."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, hana hata tumbo."

"Tumbo halijachorwa, lakini mwiko umechorwa. Sisi zamani binti wa hivyo haingii kwa mtu. Analala na mbuzi, mvua yake, jua lake. Aliyechora hii anajua sana, au kaambiwa na anayejua."

Kandida alishika mlango wa bati. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, kwa maana alikuwa stadi wa kuchekesha, lakini Paskasi alimtangulia.

"Na watoto wao?" Paskasi aliuliza, kidole kikiwa bado kwenye kioo. "Walienda wapi?"

"Wengine walikufa. Wengine walichukuliwa na watu wasiojali. Masista nao walichukua wengi, au ndivyo watu walivyosema."

Pembeni ya kioo Noela alikuwa ameweka mwezi na mwaka kwa maandishi madogo, kama riwaya inavyotaka: Julai 1980. Kandida aliona macho ya Paskasi yakienda pale, yakakaa pale. Mwezi huo na mwaka huo vilikuwa kwenye cheti chake cha ubatizo. Akaizima tableti taratibu na kuilaza kifudifudi mezani.

"Dada," alisema, "nikuagizie chai?"

Ni adabu ile iliyomtisha Kandida kuliko kelele yoyote. Alikataa chai. Alirudi nyumbani kwa miguu njia yote.

Alhamisi Paskasi hakupiga simu. Ijumaa hakupiga. Jumamosi Noela aliandika ujumbe: "Mwalimu, Jumatatu naachia mchezo. Niachie ipi, ya milango wazi au iliyofungwa?" Kandida aliusoma mara kumi, hakujibu. Kila bajaji iliyopunguza mwendo barabarani ilimfanya asimame. Aliogopa kwamba Paskasi atakuja na aliogopa kwamba hatakuja, na katika hofu hizo mbili ya pili ilikuwa na meno zaidi. Mtu huyu ndiye aliyempigia nyundo kila msumari wa nyumba ile. Kama angeondoka leo, Kandida angebaki na vitabu vitatu na mkopo wa huruma za majirani.

Jumapili alipika kama kawaida: ugali, perege wa ziwani, mboga za majani na maziwa mgando. Misa ya pili ikatoka. Akasikia nyayo uani, zikasimama.

"Hodi," sauti ilisema.

Miaka yote hakuwahi kupiga hodi. Kandida alitoka mpaka mlangoni. Paskasi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amevaa shati lake jeupe la kanisani, mikono imening'inia.

"Karibu. Ingia, chakula kinapoa."

"Sitaingia kwanza." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nikiingia leo, naingia kama nani?"

Uongo ulikuwepo, tayari kabisa, umepigwa pasi: ni hadithi tu, mdogo wangu, hadithi za kutunga. Kandida aliuona ulivyo mzuri. Angeusema, naye Paskasi angeingia, angekula, na wasingezungumza tena mpaka mmoja wao azikwe. Mficha uchi hazai, bibi yake alizoea kusema, na yeye alikuwa amezaa na bado akaficha. Akapiga moyo konde.

"Ulizaliwa Sigino," alisema, "kwenye banda la mbuzi. Ilikuwa asubuhi. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nilikuambia mama yako amekufa, na nilikuwa nimesimama mbele yako."

Paskasi aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei aliyoijua tangu zamani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Baba yako alikuzuia kwake," alisema. "Shangazi Redempta alikuwa na hofu zake. Hayo nimeyaelewa, siku nne nimeyawaza. Lakini hii nyumba ni yako. Nimeiezeka mwenyewe. Humu ndani, miaka yote hii, nani alikukataza?"

Kandida alitafuta jibu. Alimtafuta baba yake, akamtafuta mwiko, akatafuta hata masista. Wote walikuwa wamekufa au wamezeeka.

"Hakuna," alisema. "Niliogopa tu."

Paskasi alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, akampa mgongo. Hakuingia, na hakuondoka. Kandida alirudi ndani. Simu ilikuwa mezani, na swali la Noela bado limo. Akaandika kwa kidole kimoja, "Iliyofungwa, kama nilivyoiandika." Kisha akapakua sahani mbili, akavuka kizingiti nazo, akaketi nje kwenye ngazi pembeni ya mwanawe. Walikula huko.