Kitanda Alichokipima Mutinda

Mutinda hakuwa fundi wa kupiga msumari kabla ya kuketi. Gatina nzima, huko Kawangware, Nairobi, walimjua hivyo, mpaka Riruta. Ukimwita akupangie chumba, kwanza anakuja na stuli yake, anaiweka pembeni, anakunywa chai yako na kukutazama ukiishi. Anaangalia viatu unavivulia wapi. Anaangalia sufuria ya moto unaitua juu ya nini ukikosa pa kuitua, na mtoto akikosewa hukimbilia kona gani. Jioni anainuka na kusema, "Nimeshakuona," kisha anarudi na mbao. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho familia ilikuwa ikikanyagana ndani yake, alikiacha kina sebule, jikoni na pa kulala, na bado baba wa nyumba amepata kona ya kununia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda kumwona sawasawa, naye ni Mumbua.

Mumbua alikuwa msusi, na wateja aliwasukia chumbani kwake, kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mzee Mburu. Wote wawili walikuwa watu wa Kitui, na waliimba kwaya moja. Kila Jumapili Mutinda alimbebea kitabu cha nyimbo kutoka kanisani hadi mlangoni. Yeye alidhani hiyo ni posa. Mumbua alidhani ni kubebewa kitabu.

Shida ya Mutinda ilikuwa kupenda msasa. Hata neno la kinywani alitaka alilainishe kwanza ndipo alitoe. Alipokuwa bado analainisha, Novemba ile ya 2007, Mumbua akaja kibandani kwake meno yote nje.

"Kaka Mutinda, naolewa."

Mutinda akaendelea kupiga randa, ingawa ubao ulikuwa umekwisha kulainika zamani.

"Na nani?"

"Anaitwa Nyongesa. Anauza mitumba Kibera, na anakaa hukohuko, mtaa wa Lindi. Huko kwake mvua ikinyesha anaamka ameogeshwa, kwa hivyo atahamia kwangu. Nataka unipangie chumba kitutoshe sisi na wateja wangu."

"Kuna mafundi wazuri pale steji ya 46."

"Hao hawaketi, kaka."

Lile neno kaka lilikuwa likimwingia kama msumari wa inchi nne, na Mumbua alilipiga kwa upole, kila mara mahali palepale.

Basi Mutinda akabeba stuli yake, akaenda kuketi Kibera.

"Karibu, shemeji," Nyongesa akamwambia, akiinama ili apite chini ya mlango wake mwenyewe. Mutinda akamtazama kutoka miguuni kwenda juu, na ilikuwa safari. Koti la mtu huyo lilitundikwa karibu na boriti. Kioo chake cha kunyolea kilikuwa huko juu ambako watu wengine huweka masanduku. Na kitandani, miguu yake ilipita mwisho wa godoro ikapumzika juu ya debe lililopinduliwa na kutandikwa gunia.

Siku hiyo Mutinda hakutazama kama fundi. Alitafuta kasoro kama mtu anayetafuta kunguni, kwenye kila mshono. Alitaka mtu mchoyo, akatiliwa chai yenye sukari hadi kijiko kikakwama. Alitaka mchafu, akakuta blanketi limekunjwa kama la askari jela. Alitaka mpenda wanawake, lakini ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke mmoja tu, Mumbua, amecheka kichwa kimeenda nyuma. Mutinda hakuwahi kumwona Mumbua akicheka hivyo. Picha ile ilimkaa kifuani kuliko mengine yote.

"Umeniona, shemeji?" Nyongesa akauliza jioni.

"Nimekuona." Akabeba stuli yake bila kumtazama usoni.

Kazi ilianza wiki iliyofuata. Upande wa Mumbua aliufanya kwa moyo wote. Alimtengenezea benchi la wateja lililoshika ukuta mzima, lenye kifuniko. Ndani kulikuwa na nafasi ya nywele za bandia na machanuo, na nyuma alitoboa matundu ili nywele zisishike unyevu. Akaweka ukuta mwembamba wa hadibodi, pazia, kisha nyuma ya pazia kitanda.

Hapo kwenye kitanda ndipo mambo yalipoharibika. Vipimo vya Nyongesa alikuwa navyo kichwani, maana Mutinda hasahau mwili wa mtu. Lakini alipopanga chaga alijilaza juu yake kuzijaribu, kama afanyavyo siku zote. Akafumba macho. Akasikia chanuo la Mumbua likigonga upande wa pili wa pazia, na Mumbua mwenyewe akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Akalala hapo kitambo. Alipoinuka, akaweka alama palipofika nyayo zake, akakata, akafunga mwisho wa kitanda kwa ubao mnene. Kioo akakipigilia mbele ya pua yake. Ndoano ya koti akaiweka pale mkono wake ulipoifikia bila kutafuta. Moyoni akajiambia ni kwa sababu mbao zimepanda bei. Na akajiamini, hapo ndipo pa kuchekesha.

Harusi ilifanyika Kitui mwanzoni mwa Desemba. Mutinda ndiye aliyebeba kreti za soda. Baadaye Nyongesa akarudi Kibera, kwa sababu kura yake ilikuwa huko na mitumba ya Krismasi ilikuwa haijaisha.

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na moshi wa Kibera ukaonekana hata na aliyesimama Gatina. Safu ya vyumba alimokaa Nyongesa ilichomwa kwa sababu ya jina la mwenye nyumba, lililotaja kabila lake. Mitumba nayo ikaenda. Alifika kwa Mumbua Januari na koti lake na mfuko mmoja, na kumbe huku Kawangware jina lililokuwa na makosa ni la kwake. Vijana walikuwa wakipita ploti kwa ploti wakiuliza nani anakaa wapi. Kwa kuwa majirani walikuwa hawajamzoea, Mumbua alimweka ndani, wala hakumtaja kwa mtu.

Mutinda alijua. Alikuwa akipita nje ya ploti bila shughuli yoyote, na kupitia mabati alisikia sauti nzito ikinong'ona, kisha Mumbua akicheka huku amejiziba mdomo. Ni kile kicheko cha picha. Mji unaungua, watu wanalala na viatu, na Mutinda kilichomnyima usingizi ni kicheko cha nyuma ya hadibodi aliyoipigilia yeye.

Alasiri moja Mumbua akamtumia ujumbe: "Kaka, kuja na futi yako."

Alimkuta akimsuka Nthenya, jirani wa mlango wa pili na mtu wa kwaya, ambaye siri ilikuwa imeshindwa kumpita, nusu ya kichwa tayari, nusu imesimama. Nyongesa akachungulia juu ya hadibodi bila kuchuchumia, kidevu kimejaa mikwaruzo.

"Shemeji, sitaki kulalamika kwenye nyumba ya watu. Lakini kile kioo kinanionyesha vifungo vya shati. Nanyoa kwa kubahatisha."

"Kitundike juu kidogo."

"Na koti linafagia sakafu. Na kitandani nikinyoosha miguu, kichwa kinaombwa kitoke nje."

Nthenya akacheka. "Fundi alikupima umepiga magoti."

"Mbao zilikuwa ghali," Mutinda akasema, akijifanya kutafuta penseli ambayo ilikuwa sikioni.

Mumbua hakucheka. "Wewe huwa hukosei, kaka," akasema, akimtazama kwa namna ya mtu anayetafuta uzi ulioanza kufumuka.

Hapo wakasikia mlango wa kwanza wa ploti ukigongwa kwa rungu, kisha wa pili. Hakuna aliyeuliza ni nini. Nthenya akainuka, Mumbua akafungua kifuniko cha benchi na kuzoa nywele kwa mikono miwili. Nyongesa akaingia humo na koti lake, viatu vyake na mfuko wake. Benchi lilishika ukuta mzima, kwa hiyo akalala amenyooka kwa mara ya kwanza tangu afike Gatina. Kifuniko kikashuka, nywele zikarundikwa sakafuni, Nthenya akaketi juu.

Aliyeingia mbele ni Antony, kijana wa mtaani ambaye mama yake alipangiwa sebule na Mutinda. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili ambao hawakuwa wa hapo.

"Niaje, fundi."

"Poa, Antony. Mama hajambo?"

"Yuko. Tumeambiwa hapa kuna msee mrefu ametoka Kibera. Wewe unajua vyumba vya watu. Yuko wapi?"

Mutinda hakuhitaji hata kusema. Angetazama benchi tu, basi. Ilikuwa rahisi kuliko kung'oa msumari, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa jicho halina sauti. Akaiona Jumapili moja baada ya haya yote, Mumbua amevaa nguo nyeusi, na kitabu cha nyimbo kinahitaji wa kukibeba. Aliiona wazi, hata rangi ya kitambaa cha kichwani. Kisha akaviona vidole vya Mumbua. Vilikuwa bado vinasuka nywele za Nthenya, lakini vilikuwa vinasuka na kufumua fungu lilelile.

"Mrefu?" Mutinda akasema. "Hapa nakaa mimi."

Hata yeye hakujua kama amelisema kumwokoa mtu, au kwa sababu ni neno alilokuwa amelitamani muda mrefu mno.

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu Desemba. Nyinyi mlikuwa na kampeni, mimi nilikuwa na harusi."

"Na hukutuita?"

"Wewe nakujua kwa mbuzi, Antony. Wageni wangekula nini?"

Mmoja wa wale wawili hakucheka. Alifunua pazia kwa ncha ya rungu na kuingia, wenzake wakamfuata. Akasimama mbele ya kioo, akaona shingo yake. Akainama, akamtazama Mutinda, akakitazama kioo tena. Mutinda akapita mbele yake, na uso wake ukajaa katikati ya kioo kama picha ya kitambulisho. Akavua koti lake la kazi na kunyoosha mkono bila kugeuka, na ndoano ikawa pale. Kisha akavua viatu na kupanda kitandani.

Kichwa kiligusa ubao wa mchagoni. Nyayo ziligusa ubao wa miguuni. Hakukuwa na nafasi hata ya kupitisha kiganja.

"Mtu mrefu humu angelala kwa mafungu," Antony akasema, na safari hii hata yule mwingine akalegeza mdomo. Wakatoka. Mlangoni Antony akamgeukia Mumbua. "Pole, dada. Ungengoja, warefu wapo."

Mlango uliofuata ukagongwa, na wa kule mbele, kisha kelele zikahamia ploti nyingine.

Mutinda alikuwa bado amelala alipomwona Mumbua amesimama kwenye pazia. Macho yake yalitoka kwenye kioo yakaenda kwenye ndoano, yakashuka kitandani, yakatembea polepole kutoka kichwa cha Mutinda hadi nyayo zake.

"Mutinda," akasema.

Hakusema kaka. Kwa muda wote wa Jumapili zile alikuwa amelingoja jina lake litoke kinywani mwa Mumbua likiwa peke yake, nalo likaja namna hiyo. Aliruka kutoka kitandani na kuanza kunyoosha shuka, alama za nyayo zake zikakataa kutoka.

Nyongesa akatokea nyuma ya Mumbua, nyuzi za nywele za bandia zimemganda kichwani kama bibi harusi. Akamshika Mutinda mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji. Kumbe mambo haya uliyapanga tangu Novemba? Sisi tunalalamika, kumbe mwenzetu aliona mbali."

Mutinda akauvuta mkono wake, akarudi kunyoosha shuka.

"Aliona," Mumbua akasema, macho yakiwa sakafuni. "Kaka huwa anaona." Akarudi kumalizia kichwa cha Nthenya.

Walikubaliana kwamba kitanda na kioo vibaki vilivyo mpaka mambo yatulie, na koti la kazi libaki kwenye ndoano, endapo wale vijana wangerudi. Kwa hiyo jioni ile Mutinda alirudi kwake na shati tu, upepo ukimpiga mbavuni, akilionea wivu koti lake mwenyewe.

Aliitwa tena Machi, baada ya wakubwa wa siasa kushikana mikono na mtaa kuanza kupika chapati milango wazi. Alikuja na stuli, lakini hakuiketia. Akamwambia Nyongesa asimame wima, mgongo ukutani, viatu vimevuliwa.

"Usijikunje. Simama kama ulivyo."

Ikambidi Mutinda apande juu ya stuli ili penseli ifike. Akatia alama, akainua kioo, akahamisha ndoano hadi mahali ambapo yeye mwenyewe hangeifikia tena. Kisha akang'oa ubao wa miguuni na kuunganisha kitanda kwa mbao mpya, na kazi hiyo aliipiga msasa hadi Nyongesa akamwomba apumzike.

Alipokuwa akikusanya vyombo, Mumbua akamletea koti. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, na pale penye kifungo kilichopotea zamani alikuwa ameshona kingine kisichofanana na wenzake. Mutinda akalivaa, akakifunga kifungo kile, akabeba stuli yake.

"Asante, mama wa nyumba," akasema, akainama kupita chini ya mlango kama Nyongesa, ingawa hakuwa na haja ya kuinama.