Karatasi Yenye Mistari

Mwaka 1974 nilikuwa nimeshahitimu masomo ya jioni, nikafundisha kisomo cha watu wazima hapo hapo sokoni Bukoba. Wanafunzi wangu arobaini na mmoja walikuwa akina mama wauza ndizi na dagaa. Sikumwonea haya mtu yeyote wa sekondari.

Akaja ofisa mmoja na mpango: soko livunjwe, lijengwe la ghorofa, na wauzaji wahamie Kagondo, pembezoni mwa mji.

"Kagondo nitamuuzia nani, migomba?" akauliza Kokugonza, mjane aliyelisha watoto watano kwa meza yake ya ndizi. Watu wakacheka, lakini wote tulikataa.

Ofisa akaweka karatasi mbili mezani, ya wanaokubali na ya wasiokubali. "Imeandikwa juu. Someni kwanza, kisha kila mtu aandike jina."

Niliandika langu kwa wasiokubali, nikampa Kokugonza kalamu. Kisha nikamgeukia ofisa, nikamweleza jinsi akina mama hawa walivyoachana na kutia sahihi kwa dole gumba. Nilieleza kwa kirefu.

Walipomaliza akasoma: "Wanaokubali, arobaini na mmoja. Asiyekubali, mmoja."

Nilidhani anatania. Nikaichukua karatasi. Majina yao yalikuwa pale, yamenyooka vizuri. Karatasi ile ilikuwa na mistari. Ya wasiokubali haikuwa nayo. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nikiwagombeza: msiandike pasipo mstari! Kokugonza alitii, wenzake wakamfuata.

"Mae!" Kokugonza akashika kichwa, Kihaya kikimtoka. "Mwalimu waitu, nimelivunja soko kwa mkono wangu?"

"Mwandiko ni wenu," ofisa akasema, akiichukua tena karatasi na kuikunja. "Anayejua kusoma hawezi kukana."

Kokugonza akateremsha mikono. "Sijui kusoma, ndugu. Nilichora tu."

"Nasi tulichora!" wenzake wakadakia.

Ofisa akanitazama. "Mwalimu, sasa hivi umejisifu kwamba wanajua. Lipi la kweli?"

Wote walikuwa wakinitazama mdomoni.

"Hawajui," nikasema. "Hata mmoja."

"Basi hii haifai; asiyejua kusoma hutia dole gumba." Ofisa akaichana karatasi ya wanaokubali, akafungua kibati cha wino wa muhuri. Kokugonza akatangulia kubandika dole gumba kwa wasiokubali. Foleni ikafika hadi kwenye dagaa, nami nilisimama pale nikiwashikia karatasi, siamini ulimi wangu.