Jongoo wa Kitalu Kilichochomwa

Kunegunda alihesabu tena, akapata jongoo kumi na saba. Wote katika kikombe kimoja cha mtego, na kikombe chenyewe kilikuwa kimefukiwa katikati ya majivu.

Haikumwingia akilini. Msitu huu wa nje ya Mshangano ulivunwa mbao miaka mitatu iliyopita, na mwezi Juni watafiti walichoma nusu yake kwa moto mdogo wa kudhibitiwa, wajue unawafanya nini wadudu wa udongoni. Yeye aliajiriwa kukusanya walioangukia vikombeni. Upande usiochomwa alipata jongoo wanne tu. Jongoo hupenda unyevu. Majivuni wangefuata nini?

Ndipo alipoona nyayo za makatambuga kandokando ya vikombe. Mwenye makatambuga alikuwa mzee Pankrasi, mlinzi wa utafiti. Shamba lake lilipakana na msitu, naye alitegemea uchomaji wa mapema umkinge na moto mkali wa Septemba. Watafiti wakiona moto unaua wadudu, si watashauri ukomeshwe?

Akampigia Oliva, mtafiti mkuu. "Kuna mtu anahamisha wadudu. Nadhani ni mlinzi."

"Basi Ijumaa nakuja kumwachisha kazi," Oliva akasema.

Kesho yake Kunegunda aliwahi, akajibanza nyuma ya kichuguu. Pankrasi alikuja, akainamia kikombe. Kunegunda akajitokeza.

"Shikamoo, mzee. Unatia nini humo?"

"Marahaba, mwanangu. Sitii kitu. Natazama kama kanga wamedonoa. Tangu majani yaungue wanaviona vikombe toka mbali."

"Na hawa jongoo wametoka wapi?"

Pankrasi akaliendea gogo la mninga lililoachwa na wapasua mbao, hatua tatu tu kutoka kwenye kikombe. Akalibingirisha. Chini yake moto haukufika. Udongo ulikuwa na unyevunyevu, na jongoo wamejikunja humo kwa makumi.

Kunegunda akafungua daftari lake. Vikombe vilivyokuwa mbali na magogo vilikuwa karibu vitupu, siku zote, naye hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Ulidhani ni mimi," Pankrasi akasema.

"Nilidhani. Na nimeshamwambia Oliva."

Mzee akajipangusa majivu mikononi, taratibu. "Basi mpigie nikiwa hapa hapa."

Akapiga. Alieleza yote, hata kujibanza kwake. Oliva akasema mzee abaki kazini, na kila kikombe kipimwe umbali wake na gogo.

Kunegunda akatoa utepe wa kupimia, Pankrasi akashika ncha ya pili. Walipima hadi jua la utosi, kikombe baada ya kikombe.